Tui la Kwanza na Tui la Pili

Mnazi mrefu wa pwani yetu hukaa miaka 6 hadi 8 kabla ya kuanza kuzaa, na tunda lake huchukua karibu miezi 12 kupita daraja zake zote, kidaka, kitale, dafu, koroma, mpaka liitwe nazi. Baada ya subira hiyo yote, nazi humfikia mpishi wa nyumbani, naye ana muda wa saa moja hivi kuitendea haki. Ninaandika kumsifu mpishi huyo: mama, bibi, shangazi, dada mkubwa, na wanaume wachache waliokubali kufundishwa, wanaobandika wali wa nazi jikoni mwao kila wiki pasipo mtu kuwaita mafundi.

Seremala tunamwita fundi. Mshonaji ni fundi, mwashi ni fundi, hata anayeziba pancha ni fundi. Lakini anayepika kilo mbili za wali wa nazi ukachambuka punje kwa punje, ukanukia hadi kwa jirani, naye hakupima kitu kwa mizani, huyo tunasema tu kwamba "mkono wake mtamu", kana kwamba alizaliwa nao. Hakuzaliwa nao. Alisimamishwa kando ya chungu akiwa mdogo, akatumwa maji, akatumwa chumvi, akakaripiwa, akaambiwa aonje, akaulizwa kimepungua nini. Miaka ya kujifunza ilikuwepo, ila haikuwa na cheti.

Kazi huanzia kwenye nazi yenyewe. Aliye karibu na shamba huifua kwenye kifuo, ule mti uliochongwa ncha na kusimikwa ardhini, na makumbi yakawekwa kando kwa kuwashia moto. Wa mjini huinunua imeshafuliwa: huipima kwa kiganja, huitikisa sikioni asikie maji, hutazama macho yake matatu kama yana ukungu. Nyumbani huipasua kwa mgongo wa panga, huku maji yakikingwa kwenye bakuli, na kabla ya kuendelea huyaonja. Wazee walisema nazi mbovu harabu ya nzima, na jikoni usemi huo unafuatwa neno kwa neno. Kila nazi huvunjwa peke yake na kuonjwa peke yake, maana moja iliyochacha ikishachanganywa na wenzake wanne, sufuria yote itanuka, wala hakuna iliki itakayoificha. Maji yakiwa mazuri ni haki ya watoto, ambao huwa wameshajikusanya tangu waliposikia mlio wa panga.

Kisha mbuzi. Kukuna kunaonekana kazi ya nguvu, na nguvu inatakiwa kweli, lakini jicho linatakiwa zaidi. Nyama nyeupe hukunwa kwa kuuzungusha mkono taratibu juu ya ule ulimi wa chuma wenye meno, na mkono husita kabla haujafika kwenye ngozi ya kahawia iliyogusana na kifuu. Ukiikwangua ngozi hiyo, tui hupoteza weupe wake na kuacha ladha ya uchungu. Nimekula wali wa shughuli wenye rangi ya majivu kwa sababu tu mkunaji aliharakishwa.

Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi za Selsiasi, ndiyo maana maji ya kukamulia huwa vuguvugu, hasa asubuhi za kipupwe. Maji ya kwanza huwa kidogo, ya kulowanisha tu. Nazi hufikichwa kwa viganja, ikatiwa kwenye kifumbu cha ukindu, ikasokotwa na kukamuliwa. Linalotoka ni tui la kwanza, zito, la kushika kwenye kidole. Hufunikwa na kuwekwa mbali na mikono ya watu. Nazi ileile hutiwa maji mengine, mengi zaidi, ikatoa tui la pili, jepesi. Zipo nyumba zinazokamua hata la tatu. Machicha yanayobaki huenda kwa kuku.

Hapo ndipo ulipo ufundi wenyewe, na hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Tui jepesi hutangulia kwa sababu linastahimili moto wa muda mrefu. Ndilo linaloivisha muhogo, linaloingia kwenye maharage na kulainisha ndizi mbichi. Tui zito husubiri hadi chakula kinakaribia kuiva, likaingia na moto ukapunguzwa. Anayegeuza utaratibu huo hupata chakula kilichoelea mafuta juu na kukaa majimaji chini. Sababu ni kwamba tui ni mafuta na maji yaliyoshikanishwa na protini kidogo. Moto mkali ukidumu, protini hujikusanya mabonge na mafuta hujitenga. Jikoni tunasema tui limekatika. Ili lisikatike, mpishi hulichota kwa upawa na kulimimina tena, akilichota na kulimimina bila kupumzika, mpaka lichemke mara ya kwanza, na muda wote huo sufuria haifunikwi. Ndimu na ukwaju hungoja, kwa kuwa ukali wake huharakisha kukatika. Katika dakika hizo mpishi haitiki hodi wala simu. Ukimwona mtu ameinama juu ya sufuria, upawa mkononi, macho kwenye povu, mwache amalize.

Na fundi huyohuyo, akipika samaki wa kupaka, huigeuza sheria. Tui hulichemsha makusudi pamoja na viungo mpaka lipungue na kuwa zito la kupakika, kisha hulipaka juu ya changu aliyechomwa kwenye makaa, akamrudisha motoni, akampaka tena. Hapo mafuta yakijitenga hakuna anayelalamika.

Wali una mambo yake. Mchele hupetwa kwa ungo, huchambuliwa mawe, huoshwa mpaka maji yapungue utusitusi. Nyumba nyingine huchemsha tui lote na chumvi kisha hutia mchele. Nyingine huanza na tui jepesi na kumwagia zito wakati maji yanapokaribia kukauka. Nimekula wa namna zote mbili, na mimi naushikilia huu wa pili, kwa kuwa harufu ya nazi hubaki juu ya wali badala ya kupotea na mvuke. Bibi yangu mzaa mama, kule Pangani, hakuwa na saa jikoni, alisikiliza. Kwanza kuna mchemko mzito wa maji, kisha sauti inapungua, mwishowe unabaki mlio mdogo mkavu chini ya sufuria. "Wali unasema, hebu usikilize," ndivyo alivyokuwa akituambia wajukuu. Mlio ule ukianza, moto wa chini hupunguzwa, sufuria hufunikwa, na makaa machache hupaliwa juu ya mfuniko. Wali hupata joto la juu na la chini, mvuke ukamalizia kazi, punje zikasimama. Makaa yakizidi, wali huungua. Yakipungua, hubaki na kiini. Maji yakizidi tangu mwanzo, ndiyo mashendea, chakula kizuri cha mgonjwa na aibu mbele ya mgeni.

Chini hubaki ukoko. Ukoko ulioungua ni hasara, ila uliopikwa sawasawa una rangi ya dhahabu iliyokolea, unavunjika kwa mlio, na umebeba mafuta yote ya tui la kwanza yaliyozama. Sijui nyumba ya pwani yenye watoto ambayo haijawahi kugombania ukoko. Mpishi mwadilifu huugawa mwenyewe, na aliyekuna nazi hupata kipande kikubwa.

Ujuzi huu haukutoka mahali pamoja. Wataalamu waliochunguza mabaki ya nafaka katika miji ya kale ya Pemba, Tumbe na Chwaka, waligundua kwamba wakazi wa mwanzo walitegemea zaidi mawele, na mchele ukaja kushika nafasi kuanzia karne ya 11 hivi. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikaribishwa wali wa samli kwenye chano kikubwa cha mti, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, kisha achari ya ndimu, tangawizi mbichi na maembe. Msomaji wa Lamu au Unguja akikisoma kipande hicho anakiona chano cha nyumbani kwao. Muhogo, pilipili na nyanya vilitoka Amerika, vikafika huku baada ya Wareno kuingia Bahari ya Hindi. Walioamua vyote hivyo vikutane na tui ni watu wa majumbani, mmoja baada ya mwingine, na majina yao hayakuandikwa popote.

Tazama kisamvu. Majani ya muhogo yana sumu inayotoa sianidi, na mtu akiyala mabichi anaweza kudhurika. Mwanamke wa pwani huyatwanga kwenye kinu mpaka yalainike, huyachemsha muda mrefu bila kufunika, na ndipo hutia kitunguu, tui jepesi, kisha tui zito. Kutwanga huachanisha sumu na jani, na mchemko huiondoa pamoja na mvuke na maji. Huo ni ujuzi wa kulinda uhai wa familia, uliohifadhiwa katika utaratibu wa mapishi na kurithishwa kwa kutazama. Mbaazi za nazi za asubuhi, zinazoliwa na mahamri kutoka Mombasa hadi Lamu, hulowekwa usiku kucha. Mwezi wa Ramadhani, jirani atakayekuletea bakuli la futari ya magimbi na ndizi mbichi ameanza kukuna nazi kabla ya adhuhuri, hali amefunga, na chumvi ameikisia bila kuonja sawasawa. Hata Muscat, katika nyumba za familia zilizotoka Unguja na Pemba, wali wa nazi haujaacha kupikwa, na unapikwa na watu wanaozungumza Kiswahili huku wakipika.

Siku hizi sokoni kuna mashine za kukuna nazi, na nyumbani kuna blenda. Sina ugomvi nazo. Mabega ya mama zetu yamechoka vya kutosha, na mashine inayowapunguzia kazi naikaribisha. Tui la kopo ndilo linalonitia wasiwasi. Limeshachanganywa, halina la kwanza wala la pili, na kijana anayeanza nalo hajifunzi kwamba kuna kinachotangulia na kinachosubiri. Anapolimimina lote kwa pamoja na chakula kikamkataa, hajui alipokosea, huhitimisha kwamba mapishi ya nazi ni magumu, akarudi kwenye chipsi. Ndiyo hatari ninayoiona. Nazi yenyewe itaendelea kuwepo sokoni, ila mkono unaojua kuligawa tui mara mbili unaweza kutoweka katika kizazi kimoja, na pale tutakapoutafuta hatutaupata kwenye kitabu.

Mwaka 2021 UNESCO iliingiza juhudi za Kenya za kuendeleza vyakula vya asili katika rejista yake ya mifano bora ya kulinda urithi wa utamaduni usioshikika. Nilifurahi sana. Lakini rejista haikuni nazi. Urithi huu hulindwa na mtoto aliyesimama karibu na sufuria, na ninasema mtoto nikimaanisha wa kike na wa kiume. Tumewaachia wasichana peke yao kwa muda mrefu mno, na matokeo yake mwanamume mzima, msomi, hufika mji wa ugenini akatamani wali wa kwao asijue hata pa kuanzia.

Kwa hiyo nina ombi kwako unayesoma. Kama nyumbani kwenu yupo bado mtu anayejua kupalia wali, nunua nazi mbili Jumamosi hii, uende kwake pamoja na mwanao wa kiume. Mkalishe kijana kwenye mbuzi. Muulize mzee maji kiasi gani, moto kiasi gani, anajuaje kwamba tui liko tayari. Akijibu "kiasi tu", usikubali kuondoka; kaa hapo umtazame mkono.