"Dawa ya Farasi": Habari ya Ketamini Iliyokatwa Nusu

Msomaji wetu, kama una simu basi umeshakutana nayo: ketamini, "dawa ya kulaza farasi" wanayolewea mastaa. Wengi wetu tulitambulishwa hivyo baada ya mwigizaji wa Marekani Matthew Perry kufariki Oktoba 2023. Maneno yenyewe si uongo, madaktari wa mifugo wanaitumia kweli. Lakini hata penisilini anachomwa ng'ombe, na hakuna anayeiita dawa ya ng'ombe.

Ubaya uko kwenye kilichoachwa. Ketamini ilitengenezwa na mkemia Calvin Stevens mwaka 1962, ikaruhusiwa Marekani mwaka 1970, na tangu 1985 imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kwenye ubongo inaziba vipokezi vinavyoitwa NMDA, ambavyo hupokea ujumbe wa kemikali ya glutamati. Mgonjwa anaweza kukutazama macho wazi, ila maumivu hayamfikii. Na hapa ndipo pa kushika: kwa dozi ya kawaida mgonjwa huendelea kupumua mwenyewe na presha yake haiporomoki, tofauti na dawa nyingi za usingizi.

Sasa ilete huku kwetu. Hospitali ya wilaya, usiku, umeme umekata, mama mjamzito anatokwa damu na lazima apasuliwe. Sindano ya mgongoni, ambayo ndiyo hupendwa kwa upasuaji wa uzazi, hushusha presha, na kwa mama aliyekwisha kupoteza damu nyingi ni hatari. Mashine ya usingizi inataka umeme, oksijeni na mtaalamu wa kuiendesha. Ketamini inataka bomba la sindano na mtu aliyefundishwa. Nchi hii, ambako kwa miaka mingi AMO wamekuwa wakipasua wajawazito wilayani, inaijua vizuri sana dawa hii. Jirani zetu Kenya walikwenda mbali zaidi: kuanzia 2013 kulikuwa na mpango wa kuwafundisha wahudumu wasio wataalamu wa usingizi waitumie kwa upasuaji wa dharura pale mtaalamu asipokuwepo.

Utasema, jina tu hilo, lina madhara gani? Mwaka 2015 China, iliyokuwa na tatizo kubwa la vijana kulewea ketamini, ilipeleka pendekezo Umoja wa Mataifa kwamba iwekwe chini ya udhibiti wa kimataifa. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshasema zaidi ya mara moja kwamba hilo halifai. Madaktari wa nchi maskini wakapiga kelele, na Machi mwaka huo kura ikaahirishwa huko Vienna. Hofu yao ilikuwa na mfano hai, morfini. Kati ya tani 298.5 za dawa za jamii hiyo zilizogawiwa duniani kwa mwaka kati ya 2010 na 2013, nchi za kipato cha chini kabisa zilipata tani 0.1. Udhibiti si sababu pekee, ila umo. Mgonjwa wa saratani anayelia usiku kucha ndiye anayelipa.

Tena sisi wa Mtoni tusingepaswa kufundishwa hili. Methadoni ni ndugu wa heroini kikazi, lakini tangu Muhimbili ilipoanza kuitoa Februari 2011, na baadaye Mwananyamala na Temeke, vijana wetu wanapanga foleni asubuhi kunywa dozi yao mbele ya nesi. Hakuna mwandishi anayeweza kukaa daladala ya Mbagala akatuambia hicho ni kilevi tu, tukamwelewa.

Kuna na kundi la pili la habari, nalo linatukera vilevile: zile za "tiba ya ajabu ya sonona". Jaribio lililoanzisha gumzo, la mwaka 2000, lilikuwa na wagonjwa wachache mno, wasiojaza hata daladala. Ni kweli wengine hupata nafuu ndani ya saa chache, wakati vidonge vya kawaida huchukua wiki. Ni kweli pia nafuu hiyo mara nyingi huisha baada ya siku kadhaa. Anayelewea mara kwa mara anaweza kuharibu kibofu mpaka akojoe damu.

Turudi kwa Perry, maana habari nyingi zilimchanganya. Alikuwa akitibiwa sonona kwa ketamini, lakini tiba ya mwisho iliyojulikana ilikuwa zaidi ya wiki moja kabla. Dawa hii hutoka mwilini ndani ya saa, si wiki. Kiasi kilichokutwa kwenye damu yake kilikuwa cha mtu aliyelazwa kwa upasuaji, naye alikuwa peke yake ndani ya maji. Ndiyo maana Spravato, dawa ya puani yenye ketamini ya aina moja, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2019 kwa sonona sugu, hutolewa kliniki tu: unakaa chini ya uangalizi si chini ya saa 2, na gari huendeshi mpaka kesho yake ukishalala.