Msichana si kisu

Boris Johnson alipenda kufananisha elimu ya wasichana na kile kisu cha Uswisi chenye makali, bisibisi na kila kitu. Yaani msomeshe msichana, na matatizo ya dunia yatajitatua. Tashbihi tamu, lakini nina ugomvi nayo.

Tuanze na tarehe. Aprili 2021, Uingereza ilipunguza mchango wake kwa mpango wa UNFPA wa vifaa vya uzazi wa mpango kutoka pauni milioni 154 hadi 23. Juni ikaahidi pauni milioni 430 za elimu kwa miaka mitano. Julai 13, Bunge lake likakubali msaada wa nje ubaki asilimia 0.5 ya pato la taifa badala ya 0.7, kisa korona. Wiki mbili baadaye, Johnson na Uhuru Kenyatta wakaongoza mkutano wa kuchangia elimu huko London. Makofi.

Huku Mulot, ambako jina letu limeharibiwa na matapeli wa simu, mtu akikutumia pesa kisha airudishe kimyakimya, tunajua hiyo inaitwaje.

Kwenye hotuba, elimu na afya ni mafungu mawili. Nyumbani ni msichana mmoja. Shule zilifungwa Machi 2020, na wanafunzi wengi walirudi Januari 2021. Masomo yakahamia redioni, kwenye runinga na intaneti, kwa wenye stima na bando. Miezi tisa na ushee. Hesabu hiyo haihitaji mwalimu. Anayetakiwa kurudi darasani na anayehitaji kliniki ya uzazi wa mpango ni mtu yuleyule.

Ndiyo maana tashbihi ile inanikera. Kisu hakina haki, kina kazi tu. Bajeti ikibana, unakirudisha kwenye droo. Mimi niliacha chuo, na sijatibu umaskini wa yeyote, hata wangu. Bado nilistahili kusoma.

Lugha nyingine ipo, tena ni yetu. Mwaka 2017 Kenyatta alisaini sheria inayoitaka serikali impe sodo bure kila mwanafunzi wa kike aliyebalehe katika shule ya umma. Utekelezaji ni hadithi nyingine, lakini soma ilivyoandikwa: haiulizi msichana huyo ataokoa nini. Anazihitaji, basi apewe. Hiyo ndiyo sentensi iliyofaa kubebwa hadi London.