Fundi Anayeanzia Kwenye Pumzi

Gari kuukuu lenye turbo halifichi umri wake. Ukiliegesha jioni chini ya mkorosho, asubuhi mchangani kuna doa jeusi. Mwenye gari anainama, anaona oili ikidondoka pale injini inapokutana na giaboksi, na papo hapo ameshatoa hukumu: sili ya nyuma ya krenki imekwisha. Mafundi wengi watamwitikia. Giaboksi itashushwa, sili itaagizwa Tunduru mjini au Songea, kazi itakula siku nzima na pesa nyingi. Baada ya wiki chache doa limerudi palepale, na sasa sili mpya ndiyo inayolaumiwa kuwa feki.

Mbesa ni kijiji cha kusini mwa Tunduru, upande wa kwenda Mto Ruvuma, na magari yake yanafanya kazi ngumu kuliko ilivyotarajiwa kiwandani. Kiangazi ni vumbi jekundu, masika ni tope. Land Rover za injini ya 300Tdi iliyotoka mwaka 1994, Prado za 1KZ, Pajero za 4D56: yote haya ni magari ya dizeli yenye turbo, ambayo kwingine yangekwisha kupelekwa skrepa. Huku bado yanabeba wagonjwa, magunia ya korosho na maharusi. Yanadumu kwa sababu wapo mafundi wanaojua kitu kimoja kisichoonekana kwa macho, nacho ni pumzi ya injini. Hao ndio ninaotaka kuwasifu.

Injini yoyote, hata iliyotoka kiwandani leo, hupitisha gesi kidogo pembeni mwa ringi za pistoni. Moto unapowaka juu ya pistoni, sehemu ya gesi hupenya kati ya ringi na ukuta wa silinda, ikashuka hadi kwenye sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini. Turbo inaongeza mzigo huo, kwa kuwa inasukuma hewa nyingi zaidi ndani ya silinda na msukumo juu ya pistoni unapanda. Gesi iliyoshuka lazima itoke, na njia yake ni bomba au mpira ambao mafundi huuita briza. Briza ikiziba, injini inakuwa kama sufuria ya maharage iliyokandamizwa kifuniko: mvuke utatafuta upenyo. Ukikuta sili ya krenki ndiyo dhaifu, utapita hapo. Ukikuta gasketi ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, utapita hapo. Oili inafuata tu ilikosukumwa.

Kwa hiyo fundi ninayemsema, akiletewa gari linalovuja, haanzi kwa kulala chini yake. Anaomba injini iwashwe, iungurume polepole. Anafungua kifuniko cha kujazia oili, anakigeuza na kukilaza juu ya tundu lake bila kukikaza. Halafu anasimama, anakitazama. Injini ikitetemesha kifuniko kidogo tu, pumzi ni ya kawaida. Kikirukaruka na kuanguka pembeni, kuna jambo. Kisha anaweka kiganja juu ya tundu, na hapa ndipo ustadi wenyewe ulipo. Pumzi inayotoka mfululizo, nzito, yenye moshi, humwambia kwamba ringi zote zimechoka kwa pamoja. Pumzi inayopiga kwa mapigo, puf, kimya, puf, humwambia kwamba silinda moja ndiyo mgonjwa. Na ile inayofoka kwa nguvu kifuniko kinapofunguliwa tu, kisha ikatulia, humwambia kwamba ringi ni nzima na kilichoziba ni njia ya kutokea.

Jibu hilo la tatu ndilo ninalolipenda, kwa sababu linaokoa pesa za watu. Kwenye 300Tdi briza ina kidude cheusi kilichopachikwa kwenye tapeti kava. Ndani yake gesi inazungushwa, matone ya oili yanarushwa ukutani na kurudi kwenye injini, na hewa inaendelea na safari. Kwa miaka mingi masizi ya dizeli na mvuke wa maji huganda humo, hasa kwa gari linalokwenda safari fupi fupi za sokoni na hospitali bila injini kupata moto wa kutosha. Nimeona kidude hicho kikitolewa na kulowekwa kwenye mafuta ya taa. Tope lililotoka lilikuwa jeusi, zito, linanata kama lami, na fundi alikitikisa, akamwaga, akajaza tena, mpaka mafuta yakatoka na rangi yake. Akapuliza mpira wake kwa mdomo kuhakikisha unapitisha. Hakukuwa na spea iliyonunuliwa.

Turbo nayo husingiziwa sana. Wazo la kutumia moshi wa injini kuizungushia pampu ya hewa lilipatiwa hataza na mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, mwaka 1905. Ugumu wa turbo ni huu: shafti inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ikielea juu ya oili. Oili hiyo inaingia kwa kusukumwa na pampu, lakini inatoka kwa kuteremka yenyewe hadi kwenye sampu. Sampu ikijaa presha, oili haishuki. Inarudi nyuma, inapita kwenye sili za turbo, inaingia kwenye njia ya hewa au bomba la moshi, na gari linatoa moshi wa bluu. Mwenye gari anauziwa turbo, na turbo mpya nayo inavujisha. Kosa jingine ni kufungua mpira wa hewa, kukuta unyevunyevu wa oili, na kutangaza kuwa turbo imekufa. Magari mengi ya aina hii yamepangwa yarudishe pumzi ya injini kabla ya turbo, ili isimwagwe hewani. Unyevu kidogo ni wa kawaida. Oili iliyotuama ndiyo ya kuulizia.

Jambo hili lina hatari yake, wala si la kuchezea. Oili ikiingia kwa wingi kwenye njia ya hewa, injini ya dizeli inaweza kuifanya mafuta yake. Hapo ukizima ufunguo haizimiki, maana ufunguo unakata dizeli tu, na injini inapanda mbio hadi ivunjike. Dereva anayejua huingiza gia kubwa, akakanyaga breki kwa nguvu na kuachia klachi, au mtu huziba mdomo wa hewa kwa ubao. Asiyejua hukimbia. Ndiyo maana siwezi kumsamehe fundi anayegongelea kijiti kwenye briza ili isichafue injini. Afadhali yule anayeuelekeza mpira kwenye chupa ya plastiki. Huyo angalau ameiachia pumzi njia, ingawa mwenye gari atalazimika kukumbuka kuimwaga.

Fundi mzuri akishamaliza briza, anafuata vumbi. Anafungua boksi la filta ya hewa na kupitisha kidole ndani, upande wa pili wa filta, ule unaoelekea kwenye turbo. Kidole kikitoka chekundu, amepata mwanzo wa ugonjwa: vumbi la barabarani limekuwa likisaga kuta za silinda, na ringi zitafuata. Tena filta iliyoziba huongeza mvuto kwenye briza, ikanyonya oili ambayo ingebaki ndani.

Baada ya hapo ndipo anaposafisha injini kwa dizeli, anaifuta ikauka, na kumtuma mwenye gari azunguke kidogo. Gari likirudi anatafuta unyevu kuanzia juu kushuka, kwa kuwa oili huteremka na upepo huisukuma nyuma. Mara nyingi ile “sili ya nyuma” ni gasketi ya tapeti kava iliyokuwa ikilowesha mgongo wa injini.

Malipo ndiyo yanayomwumiza. Mteja anayelipa bila ubishi gharama ya kushusha giaboksi hunung’unika akiombwa alipie kuoshwa kwa kidude kimoja na saa nzima ya kutazama kifuniko. “Shehe, mbona hujabadilisha kitu?” Ningependa tumlipe kama tulivyokuwa tayari kumlipa yule wa giaboksi. Na vijana wanaotoka VETA, wakija kujifunza kwake, wakae kwanza pembeni ya tundu la oili na kiganja wazi, injini ikiwaka, mpaka waweze kutofautisha pumzi tatu wakiwa wamefumba macho.