Homoni Moja, Matokeo Mawili kwenye Chupa

Kahawa ya Ruiru 11 ilitolewa kwa wakulima mwaka 1985, ikasifika kwa kustahimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani. Kikwazo kilikuwa mbegu: ni chotara inayochavushwa kwa mkono, ua kwa ua, na miche haikutosheleza mahitaji. Watafiti wa kahawa pale Ruiru, Kenya, wakageukia ukuzaji wa tishu. Unakata kipande cha jani, unakilaza kwenye jeli yenye madini, sukari na homoni, kisha unangoja viinitete vichomoze.

Mara nyingi kinachotangulia ni weusi. Jani la kahawa limejaa asidi ya klorojeni na fenoli nyingine ambazo mmea huzitengeneza kujikinga. Kisu kikipasua seli, fenoli hizo hukutana na vimeng'enya na kuoksidika, kama ndizi mbichi iliyomenywa ikaachwa wazi, na mazao yake hudhuru hata seli zilizosalimika. Wanaozalisha migomba ya tishu Thika na Juja hupambana na tatizo hilohilo kwa mkaa maalumu, vitamini C na giza.

Homoni zinaingia wapi? Skoog na Miller walionyesha mwaka 1957 kwamba uwiano wa homoni mbili, oksini na saitokinini, ndio unaoamua: oksini ikizidi hutoka mizizi, saitokinini ikizidi hutoka machipukizi, na zikikaribiana seli hugawanyika tu na kuwa donge lisilo na umbo. Maelezo mengi huishia hapo, nami naona yanaishia njiani. Homoni hugusa pia kemikali ambazo seli inatengeneza. Donge la seli za kahawa, lisilo na jani wala tunda, hutengeneza kafeini. Watafiti wa Uswisi waliripoti hivyo mwaka 1972.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Japani. Seli za mmea wa Lithospermum hutoa shikonini, rangi nyekundu yenye matumizi ya dawa. Ukizilisha 2,4-D, oksini ya viwandani inayochochea sana ugawanyikaji, rangi hukatika. Oksini ya asili, IAA, haiizuii hivyo. Kampuni ya Mitsui ilipoanza kuuza shikonini mwaka 1983, iligawa kazi: chombo cha kwanza kukuza seli, cha pili, chenye lishe tofauti, kutoa rangi.

Jasmoneti, homoni ambayo mmea huitoa ukijeruhiwa, huelekea upande wa pili. Husababisha kuvunjwa kwa protini za JAZ zinazofunga jeni za kinga, na utengenezaji wa kemikali za kinga huanza. Mwaka 1996 Wajapani waliitumia kuongeza paklitakseli, dawa ya saratani, katika seli za mti wa Taxus.

Basi mzalishaji wa miche anataka kemikali hizi zitulie, na mtafuta dawa anataka zifumuke. Maabara za Afrika Mashariki zikijaribu homoni mpya, zipime fenoli na kafeini kwenye kila chupa, kando ya kuhesabu viinitete.