Vituko vya Ng'ombe: Kicheko, Dharau na Maarifa katika Kiswahili cha Mwambao wa Gitaza

Katika Gitaza, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika kati ya Bujumbura na mji wa Rumonge, mtu mmoja aweza kumtaja ng'ombe kwa namna mbili zinazopingana kabla hajamaliza kununua samaki wake. Akimsalimia jirani kwa Kirundi cha heshima atasema amashyo, yaani anamtakia makundi ya ng'ombe. Akigeukia Kiswahili ili kugombana na dereva aliyemziba njia, atamwita ng'ombe. Mnyama ni yule yule, na mdomo ni ule ule. Kilichobadilika ni lugha, na pamoja nayo historia nzima ya jinsi mnyama huyo alivyoingia katika lugha hiyo. Kirundi kilimpokea kutoka malishoni milimani. Kiswahili cha ukanda huu, kilichokua kwa biashara ya ziwani na mahusiano na Ujiji, kilimpokea zaidi kama nyama, ngozi na bei.

Uhakiki huu unashughulikia jambo ambalo huenda likaonekana dogo kwa mkutano wa wataalamu: kuchekesha kwa ng'ombe. Hoja yangu ni kwamba vicheko tunavyomcheka ng'ombe ni viwili. Kimoja ni cha mtu aliyemtazama kwa muda mrefu, na kingine ni cha mtu asiyemtazama kabisa. Kiswahili cha maandishi kimehifadhi zaidi kile cha pili, na sasa lugha hiyo ndiyo inayotumika kumshauri mfugaji.

Kwanza vituko vyenyewe. Ng'ombe humkodolea macho mgeni bila haya, muda mrefu kuliko adabu ya binadamu inavyoruhusu. Akikuta kitu asichokijua, tuseme baiskeli iliyolazwa nyasini, kundi zima hukizunguka. Mmoja hunyoosha shingo na kunusa, kitu kikitikisika wote hutimka, kisha hurudi tena kana kwamba hawakutishwa. Hujilamba tundu za pua kwa ulimi. Ndama wakifunguliwa asubuhi hurukaruka mikia ikiwa juu. Na ng'ombe mzima, mwenye uzito wa watu kadhaa, husimama ghafla mbele ya mstari wa kivuli na kukataa kuuvuka. Hapo ndipo mpita njia husema kwamba mnyama huyu hana akili. Lakini macho yake yamewekwa pembeni mwa kichwa, humwezesha kuona karibu pande zote, na yana udhaifu wa kupima kina cha kilicho mbele yake. Kivuli kikali chini ya miguu yake chaweza kuwa shimo. Mtaalamu wa Marekani Temple Grandin alijenga sehemu kubwa ya kazi yake juu ya vituko vya aina hii: nguo inayopepea, mnyororo unaoning'inia, dimbwi linalong'aa. Alichokifanya ni kuuliza mnyama anaona nini, na kutokana na majibu akabadilisha njia na vizuizi vya kuongozea mifugo.

Methali zetu hazikulipuuza swali hilo. "Ng'ombe haelemewi na nunduye" ni kauli ya mtu aliyemtazama ng'ombe akitembea. "Ng'ombe avunjikapo guu hurejea zizini" imejaa uchunguzi wa tabia: mnyama aliyeumia hufuata njia anayoijua. Tatizo limo katika namna tunavyozifundisha. Mwanafunzi huambiwa mara moja kwamba nundu ni mzigo wa familia na zizi ni nyumbani kwa wazazi, na mnyama hutoweka kabla hajaonekana. "Fahali wawili hawakai zizi moja" imepata hasara kubwa zaidi. Imekuwa mali ya wanasiasa kiasi kwamba hakuna tena anayeuliza kama ni kweli. Wafugaji wanajua kwamba ng'ombe wanaokutanishwa husukumana kwa siku kadhaa, kisha cheo hupangika na kudumu: nani apite kwanza mlangoni, nani anywe kwanza, nani asubiri. Methali imeshika siku za mwanzo tu za kisa hicho. (Ningependa kuona mtahini mmoja akikubali jibu hilo, ingawa sina matumaini makubwa.)

Katika ngano hali ni mbaya zaidi. Mkusanyiko wa Edward Steere wa 1870 unampa punda wa dobi kisa kizima cha upumbavu wake, na paa wa Sultani Darai akili inayowashinda watu. Sungura, fisi na kobe wana kazi za kudumu. Ni vigumu kumpata ng'ombe mwenye nafasi kama hiyo katika ngano tunazofundisha. Yeye huibiwa, hulipwa mahari, huchinjwa. Linganisha na majirani. H. F. Morris alipochapisha mwaka 1964 kitabu chake juu ya majigambo ya Wahima wa Ankole, msomaji aliona ng'ombe wakisifiwa pamoja na mashujaa. Rwanda na Burundi zina utanzu wa kusifu ng'ombe uitwao amazina y'inka, majina ya ng'ombe. Humo rangi, pembe na mwendo wa mnyama hutajwa kwa usahihi unaomwacha mtafsiri wa Kiswahili akihangaika. Bihogo, jina la ng'ombe wa kahawia iliyoiva, hatulitafsiri kwa neno moja, tunalieleza.

Hata hivyo si haki kusema Kiswahili chenyewe hakina ng'ombe. Kina mtamba, ndama, fahali na maksai, na kina sarufi ya ajabu kidogo inayomruhusu mtu kusema "ng'ombe zangu" kama asemavyo "ndugu zangu", huku kitenzi kikibaki cha viumbe: ng'ombe zangu wanakula. Kule Pemba kuna mchezo wa ng'ombe, ambapo fahali huchokozwa kwa ngoma na nyimbo na hauawi. Mtazamaji wa Pemba hucheka kijana anapokimbia, na hucheka pia fahali anapokataa kucheza. Hicho ni kicheko cha anayejua. Kiswahili kimekuwa nacho muda wote, ila hakikupewa nafasi katika vitabu vya ufugaji.

Kwa nini hili liwahusu washauri wa sera? Kwa sababu dharau kwa mnyama huteleza kwa urahisi ikawa dharau kwa anayemfuga. Mwaka 1926 Melville Herskovits alichapisha utafiti wake maarufu juu ya nafasi ya ng'ombe katika jamii za Afrika Mashariki. Alichokieleza kama utamaduni, wengine walikisoma kama ugonjwa: mfugaji anampenda ng'ombe kupita kiasi, kwa hiyo hana hesabu. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni nchini Kenya ilikamata ng'ombe wa Wakamba kwa hoja kwamba walikuwa wengi mno. Maelfu ya watu walikwenda Nairobi kupinga, na kiongozi wao Muindi Mbingu akahamishiwa Lamu, kwenye kitovu cha Kiswahili, kama adhabu. Hakuna aliyekuwa amemuuliza mfugaji kwa nini alihitaji wote wale.

Turudi Gitaza. Tarehe 4 Oktoba 2018 Burundi ilitunga sheria namba 1/21 inayoamuru mifugo ifungwe bandani daima na kupiga marufuku kile ambacho Kifaransa cha sheria hiyo hukiita divagation. Utekelezaji kamili ulikuja Oktoba 2021, baada ya muda wa mpito wa miaka 3. Sina ugomvi na lengo. Anayejua jinsi milima ya Mumirwa inavyoshuka ghafla hadi kwenye barabara hii ya ziwani, na anayekumbuka maporomoko ya Machi 2015 yaliyofunika nyumba hapo Gitaza, hatapuuza hoja ya kulinda udongo. Samadi inayokusanywa bandani hurudi shambani, na mihogo ya jirani husalimika. Ugomvi wangu ni na maneno.

Kifaransa hutumia kitenzi divaguer kwa mnyama aliyepotea njia na kwa mtu anayepayuka. Tukikitafsiri kwa "kuzurura", kama inavyotokea mara nyingi tunapoieleza sheria hii kwa Kiswahili, tunazidisha chumvi: mzururaji kwetu ni mtu asiye na kazi wala makao, anayestahili kukamatwa. Ng'ombe anayetafuta majani hazururi, yuko kazini. Aliyezembea, kama yupo, ni mwenye mali. "Mifugo isiyo na mchungaji" lingekuwa neno la haki na lingemwelekea mwenye wajibu. Vivyo hivyo "ufugaji wa ndani" haulielezi banda. Zizi la methali lilikuwa mahali pa kurejea jioni. Banda la sheria ni mahali asipotoka mnyama. Mfugaji aliyezoea zizi akiambiwa tu "mweke ndani", atajenga zizi dogo lenye paa, akidhani ametii.

Hapa ndipo vituko vinapokuwa na thamani ya fedha. Ng'ombe huinuka kwa kuanza na miguu ya nyuma. Kwa nukta chache hubaki amepiga magoti ya mbele, makalio juu, kama mzee anayetafuta kiatu chini ya kitanda. Watoto huucheka mkao huo. Lakini ili ainuke hivyo lazima akisukume kichwa mbele kwa nguvu, na kwa hiyo ahitaji nafasi iliyo wazi mbele yake. Banda lenye ukuta karibu na pua humnyima nafasi hiyo. Ng'ombe aliyezoea banda baya huanza kuinuka kwa miguu ya mbele kama farasi, au hukaa kitako kama mbwa. Jambo hilo huchekesha zaidi, na maana yake ni kwamba fundi alikosea vipimo. Kwa ng'ombe wa pembe ndefu wa nyanda za juu, kosa hilo ni kubwa maradufu.

Tuchukue kituko kingine, ambacho wachungaji vijana hukicheka na wazee hujifanya hawakioni: jike kumpanda jike mwenzake. Anayesimama akatulia huku akipandwa ndiye aliye katika joto, na joto hilo hurudi kila baada ya siku 21 hivi na kudumu chini ya siku moja au karibu na hapo. Kundini, kicheko cha kijana kilikuwa taarifa kwa mwenye ng'ombe. Katika banda la ng'ombe mmoja hakuna wa kumpanda wala wa kupandwa. Mpango wowote wa uhimilishaji unaotegemea mwenye ng'ombe atoe taarifa kwa wakati umemwondolea ishara aliyoijua vizuri kuliko zote. Kijarida cha ushauri chenye kusema "angalia dalili za joto" bila kueleza mlio, kutotulia na ute kimeandikwa kwa mtu ambaye bado ana kundi.

Mfano mzito zaidi ni wa ulimi. Ng'ombe aliyefungwa muda mrefu, asiyepata majani ya kutosha ya kutafuna, aweza kuanza kuuviringisha ulimi nje ya kinywa, tena na tena, bila kula chochote. Wataalamu wa tabia za wanyama huihesabu kuwa dalili ya mnyama aliyenyimwa kazi ya kujitafutia chakula. Anayepita huiona kuwa burudani, huchukua simu na kupiga picha. Kiswahili humsaidia kukosea, kwa kuwa tunasema "anachezea ulimi", na kitenzi kucheza kikishatamkwa hakuna atakayekwenda kutazama hori. "Anazungusha ulimi" lingetosha kuondoa mchezo ndani ya sentensi na kuacha swali.

Kirundi kina msemo wa shukrani, gukura ubwatsi, uliojengwa juu ya neno la majani: aliyepewa ng'ombe alimrudia mtoaji kumshukuru, na majani ndiyo yaliyolipa tendo hilo jina lake. Leo kila mfugaji wa bandani hubeba majani kila siku, na vijarida vingi humpa idadi ya kilo tu. Watakaoandika kijarida kijacho kwa ajili ya mwambao huu wangeweza kuanza na mambo manne ambayo kila mtoto wa Gitaza aliyewahi kuchunga ameyacheka: kivuli, magoti, kupandana na ulimi. Kisha chini ya kila kimoja waandike mnyama anataka nini.