Fundi Anayeuliza Maji

Huku Mogogosiek, katika Konoin ya Bomet, mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Mvua hiyo ndiyo inayoyanawirisha mashamba ya chai, na ndiyo hiyohiyo inayogeuza barabara za murram kuwa tope jekundu. Ukifuata lori linalobeba majani mabichi kwenda kiwandani, kioo chako cha mbele hupakwa tope kabla hujapata nafasi ya kulipita. Ukiwasha waipa bila maji, tope linasambaa kioo kizima, na kwa muda humwoni mchuma chai aliyebeba kikapu mgongoni, wala bodaboda, wala mtoto anayetoka shule. Tanki dogo la maji ya waipa, ambalo wengi hawajui hata limefichwa upande gani wa gari, linalinda uhai wa watu.

Tanki hilo likivuja, wengi wetu hufanya mojawapo ya mambo mawili: tunalipaka gundi, au tunaliacha na kutembea na chupa ya maji ndani ya gari. Jirani yangu mmoja, mzee aliyeishi kwa ufundi miaka yote, hafanyi lolote kati ya hayo. Huyatengeneza matanki haya nyumbani kwake, uani, na kila nikimtazama namheshimu zaidi.

Kwanza hashiki spana. Anataka gari lisimame mahali tambarare, anatandika magazeti makavu chini ya bampa, anajaza tanki maji hadi shingoni, kisha anavuta kiti. Vijana hukosa subira.

"Mzee, si ninunue tu jipya?"

"Ngoja, kijana wangu. Tuulize maji kwanza."

Na maji hujibu. Gazeti likibaki kavu gari likiwa limetulia, kisha likaloa mara tu unapobonyeza swichi ya kurusha maji, tanki ni zima. Mpira unaopeleka maji kwenye kioo ndio uliochomoka au kupasuka. Maji yakidondoka pale pampu inapoingia kwenye tanki, raba ya pampu imekauka, na dawa yake ni raba mpya. Tanki likivuja lenyewe, mzee huliacha livuje mpaka likome, halafu hutia alama ya kalamu pale maji yaliposimama. Hayawezi kushuka chini zaidi ya mwisho wa ufa, kwa hiyo alama hiyo humwonyesha aanzie wapi kutafuta. Anapolifungua gari, tayari anajua anachokifuata.

Kulitoa hakuna maajabu: usukani unakatwa ili gurudumu lipishe, plastiki ya ndani ya fenda inafunguliwa, nati zinalegezwa, waya wa pampu na mpira vinachomolewa. Kisha tanki linaoshwa kwa sabuni na kuachwa likauke kabisa, nje na ndani. Hapo hana mzaha. Unyevu ukibaki ndani ya ufa, utachemka wakati wa kuunganisha na kuacha vitundu visivyoonekana.

Tanki likishakauka, hulipindua atafute herufi ndogo zilizochongwa na kiwanda: PE au PP. Herufi hizo zina historia. Mwaka 1953 Mjerumani Karl Ziegler alipata njia ya kutengeneza polietilini ngumu, ambayo ndiyo PE ya mitungi yetu ya maji. Mwaka uliofuata Mwitaliano Giulio Natta akatumia kemia ya aina hiyo kutengeneza polipropilini, yaani PP. Mwaka 1963 walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa pamoja. Lakini plastiki zao haziungani: ukiyeyusha PE juu ya PP, zitashikana kwa macho tu, na mtikisiko wa barabara utazibandua. Gundi nayo haina pa kung'ang'ania kwenye plastiki hizi, ndiyo maana hutoka kama ngozi baada ya muda mfupi. Kwa hiyo tanki la PE mzee huliziba kwa kipande cha mtungi mkuukuu wa PE. La PP hulikatia kipande kutoka kwenye ukingo wake lenyewe, mahali pasipobeba kitu.

Halafu moto. Ana jiko la makaa na bisibisi bapa ya zamani asiyoitumia kwa kazi nyingine. Anatoboa kitundu kidogo kila mwisho wa ufa ili usiendelee kukimbia, na kwa kisu anaupanua ufa juu, wembamba ubaki chini. Bisibisi anaijaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa. Polietilini ngumu huyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi za Selsiasi. Ikitoa moshi, chuma kimezidi moto na plastiki inaungua, na iliyoungua haina nguvu. Anasubiri kipoe. Anajaribu tena. Plastiki inapong'aa na kulegea bila kufuka, ndipo anapougusa ufa: anayeyusha kingo zote mbili, analaza kipande chake juu, anakikandamiza polepole mpaka ufa na kiraka viwe kitu kimoja. Halimwagii tanki maji ili lipoe upesi, kwa sababu baridi ya ghafla huleta ufa mpya pembeni ya ule wa zamani. Kazi hii huifanya nje, penye upepo, na chombo kilichowahi kutiwa petroli hakisogezi karibu na jiko, hata kama kimeoshwa.

Kabla ya kulirudisha tanki, hulijaza maji na kulilaza usiku kucha juu ya saruji kavu. Asubuhi hupitisha kiganja chini yake. Kiganja kikitoka na unyevu, anaanza upya, wala hasemi "itashika tu."

Na yapo matanki anayoyakataa. Plastiki iliyokaa miaka mingi karibu na joto la injini huwa kavu na hukatika ukiikunja. Hiyo humrudishia mwenyewe na kumwambia anunue nyingine, ingawa angeweza kuipaka kiraka na kuchukua pesa. Kwangu mimi, huko kukataa ni sehemu ya ufundi wake sawa na kuziba.

Maarifa ya namna hii hayauzwi dukani pamoja na vipuri. Yanakaa kwa watu kama mzee huyu, na yatapotea iwapo vijana hawatakaa karibu na jiko lake kutazama. Basi tanki lako likivuja, usikimbilie gundi: lijaze maji, tandika gazeti, uketi. Na ukimpelekea fundi likarudi likiwa kavu, mlipe kwa ujuzi wake, si kwa udogo wa ufa aliouziba.