Jiko la Kuni Lipimwe kwa Moshi Wake

Huku Suma, kama ilivyo sehemu kubwa ya Wilaya ya Rungwe, mvua haipumziki sana. Nyanda za juu za wilaya hii hupata hadi milimita 2,700 kwa mwaka, na mvua inapopungua, Juni hadi Agosti, ukungu na baridi hushika zamu. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo 2034. Wakati huo ukisubiriwa, maharage yataendelea kuiva kwa kuni, na aliye na jiko ajue kulipima.

Kipimo kikuu ni moshi. Moshi mwingi ni kuni iliyotoroka kabla ya kuungua: umeichanja, umeibeba, kisha imeishia machoni na mapafuni.

Kuni

Fundi hodari hawezi kuliokoa jiko linalolishwa kuni mbichi. Mti uliokatwa leo unaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake. Kuni ya kupikia isizidi asilimia 20. Gonganisha vipande viwili: kikavu hulia kwa ukali, kibichi hutoa sauti nzito. Tazama ncha, kuni kavu ina nyufa na ganda lake hubanduka. Ukiwa na shaka, pima kipande kimoja kwenye mizani kila wiki. Kikiacha kupungua uzito, kimekauka.

Mlingoti hutoa kaa zuri lakini hukauka polepole, kwa hiyo upasue ukiwa bado mbichi, maana gogo zima hubaki na maji ndani miezi mingi. Mwati na matawi ya mparachichi nayo ni kuni nzuri. Paina huwaka haraka, ila ikiwa mbichi utomvu wake hujaza masizi. Panga kuni juu ya mawe au magogo, zisiguse udongo, juu pawe na bati na pembeni pawe wazi. Turubai lililofunika rundo hadi chini huzuia mvua na kufungia unyevu humo humo. Uchaga wa juu ya jiko ni wa kumalizia ukavu tu, na uwe mbali na miali. Mbao zilizopakwa rangi na vipande vya nguzo zilizotiwa dawa usivichome kamwe, moshi wake ni sumu.

Jiko

Jiko banifu zuri lina mdomo mdogo. Mdomo mkubwa hualika magogo na hewa baridi. Kuni zikae juu ya kichanja kidogo ili hewa ipite chini yake na kufika kwenye kaa. Sufuria ikikaa, pengo kati yake na ukuta wa jiko liwe kama sentimita moja: likiwa pana joto linapotea, likiwa finyu moshi unarudi mdomoni.

Ukuta nao una siri yake. Jiwe zito hunywa joto kabla ya chungu kulipata. Mawe mepesi yenye vitundu, yaliyomwagwa na mlima Rungwe ulipolipuka miaka 4,000 hivi iliyopita, huzuia joto vizuri zaidi. Jiwe la mtoni lililolowa usilitie motoni, linaweza kupasuka na kurusha vipande.

Dohani

Bomba lipande kupita kilele cha paa, lisiishie chini ya upenu. Bomba la bati moja liwe umbali wa sentimita 45 kutoka kwenye boriti na kenchi. Lichunguze kila mwezi: masizi makavu kama unga ni ya kawaida, lakini utando mweusi unaong'aa kama lami unasema kuni zako ni mbichi, na utando huo hushika moto. Bomba likiwaka, funga mdomo wa jiko, toa watu nje na uite msaada. Usimwage maji, bomba lenye moto linaweza kupasuka.

Usalama wa ndani

Kaa jekundu lisilo na moshi huwadanganya wengi. Hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na wakati wa baridi watu huingiza jiko la mkaa chumbani na kulala nalo. Usifanye hivyo. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikianza kwa wote waliomo, tokeni nje mara moja, kisha muende hospitali.

Mtoto akiungua, mwagia maji safi ya baridi kwa dakika 20. Dawa ya meno na mafuta havitibu. Majivu yahifadhi kwenye ndoo ya bati, nje, kwa siku kadhaa, kwani kaa hujificha ndani yake. Yakipoa, yapeleke kwenye migomba. Kwenye chai usiyaweke: chai hupenda udongo wenye tindikali, na majivu huiondoa.

Kabla ya kulipa

Jiko jipya usilinunue likiwa baridi. Mwambie fundi aliwashe, aweke sufuria ya maji, nawe utumie kuni kavu ulizokuja nazo. Maji yanapochemka, toka nje utazame bomba. Likiendelea kutoa moshi mzito mweusi, mwachie fundi jiko lake.